Lori Lililorudi Kimya

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mjukuu wangu, ingawa ningependa kuisahau. Juzi uliniuliza timu yetu ya netiboli ilikuwa ikiimba nini, ili wewe na wenzako muimbe wimbo huohuo. Nikajifanya kikohozi kimenibana. Leo nitakujibu.

Ilikuwa miaka ya sabini, tulipokusanywa katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Chimala. Wasangu tulikuwepo, Wabena na Wahehe wakaletwa, na Wasukuma wakafika na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Kisimani kila kabila lilikuwa na upande wake. Wazee walisalimiana wakitazamana viatu, na wengi viatu hawakuwa navyo. Sisi mabinti tuliunganishwa na mpira, na zaidi ya mpira, wimbo wa Milembe.

Milembe alikuwa binti wa Kisukuma, na netiboli hakuijua kabisa. Ukimrushia mpira anafumba macho. Lakini ndiye aliyekuwa mwimbishaji wetu. Alimtungia kila mchezaji mpya kipande chake kwa lugha ya kwao, chenye jina lake na jambo la kwao la kujivunia. Alikwenda mpaka jikoni kwa mama wa binti kuomba maneno. Yeye akiimba, sisi tunaitikia kwa Kiswahili, "Huyu naye wetu." Tuliingia uwanjani na wimbo huo, na tukirudi wanakijiji waliusikia tangu barabara kuu, wakatoka, kila mzazi akingoja kipande cha mwanawe. Hata kisimani watu walishaanza kuchanganyika.

Kapteni nilikuwa mimi. Tulipocheza Mbalizi, mabinti wa pale walitucheka, eti washamba wamekuja na ngoma. Nikaona aibu. Mcheza kwao hutunzwa, mwanangu, nami nilitaka kutunzwa na watu wasionijua. Tulipoalikwa Soweto, mjini Mbeya, Milembe alikuwa wa kwanza kufika kwenye lori, kanga imefungwa tayari. Nikamwambia abaki, safari hii tunakwenda kucheza, hatuendi kuimba.

Hakulia. Aliuliza tu, "Sasa dada, mtaingiaje uwanjani?"

Nikampa mgongo.

Tuliingia kama watu wanaovuka barabara. Wenyeji waliimba, sisi tukafunga magoli, tukashinda. Nilisikia watazamaji wakiulizana hawa wametoka wapi, na hakuna aliyejua. Njiani kurudi mmoja wetu alijaribu kuanzisha wimbo, akaishia kwenye kipande chake mwenyewe. Kila mmoja alijua chake. Wimbo mzima aliujua Milembe peke yake.

Lori likaingia kijijini kimya. Wanawake walitoka mikono kichwani, wengine wameshaanza kulia, wakidhani tumeleta msiba. Mama yake Milembe alikuwa mbele, akitutazama mmoja mmoja, sisi watoto wa wenzake.

Bibi yangu alinishika mkono. "Mmeshinda, sawa," akasema. "Lakini gari la wachezaji haliji kimya. Mmefanya tuwalilie mkiwa hai."

Nilipanga kwenda kumwomba Milembe radhi. Nikasema kesho, kisha keshokutwa. Ukapteni ulikuwa umenipanda kichwani. Kiangazi kile watu wa kwao wakahama na mifugo, sijui waliishia wapi. Timu ikapungua polepole, kila binti akarudi kwa watu wa kwao, na kisimani zile pande zikarudi. Inaniuma mpaka leo. Husemwa majuto ni mjukuu, na wangu alikuja juzi kuniuliza wimbo.

Basi jibu ni hili: ninao mwitikio, na kipande changu. Vingine vyote vimekwenda na Milembe.

Jezi ya nchi inapoingia uwanjani, mtu wa Iringa na wa Mwanza husimama pamoja, na hakuna aliyeambiwa asahau kwao. Kila mmoja ameitwa kwa jina lake, kisha akaitikiwa. Bila hivyo mnabaki watu waliovaa rangi moja. Kwa hiyo tungeni wimbo wenu. Nendeni jikoni kwa mama wa kila binti mkaombe maneno, na mjifunze wote vipande vyote. Anayewaimbisha mpeni kiti cha mbele, hata kama mpira unampiga usoni. Na uliyemkosea, kamwombe radhi leo, kabla watu wa kwao hawajafunga mizigo.

Mungu awape miguu myepesi na makoo yasiyokauka. Na siku mkifungwa, rudini mnaimba vilevile. Nitakuwa nimetoka nje, nimesimama barabarani, nasikiliza.