Fazal Din Aanza Kuomba

Fazal Din alikuwa mnyapara wa wapagazi katika soko la mboga la Badami Bagh, Lahore, na kazi hiyo aliifanya kwa koo. Magunia ya viazi yalipanda malori kwa sauti yake. "Inua wewe mvivu. Sogea wewe punda." Kwa Kipunjabi cha sokoni hayo hayakuwa matusi hasa, ilikuwa namna ya kuhimizana, na wapagazi walimcheka kisogoni wakaendelea kubeba. Tabu ni kwamba sauti hiyo alirudi nayo nyumbani. Akishaketi tu kwenye kitanda chake cha kamba, majirani wote walijua anataka nini: maji, chai, au watu wanyamaze.

Mkewe, Kaneez, alilelewa kwingine kabisa. Wazee wake walihamia Lahore kutoka Lucknow, wakaja na Kiurdu chao cha kubembeleza. Kiurdu kina "wewe" tatu: *tu* ya kumwita mtoto au kumshusha mtu, *tum* ya wenzako, na *aap* ya heshima. Kwao Kaneez hata paka aliambiwa *aap*. Wala haja haikutajwa bila kutangulizwa *zara*, yaani kidogo tu, ili anayeombwa asiuone mzigo. Miaka yote ya ndoa Kaneez alimwambia mumewe, "Baba Nasir, *zara* ungelivuta hilo pazia, kama si taabu."

Naye Fazal Din, aliyemwita *tu*, alikuwa akijibu, "Sema pazia, yaishe."

Asubuhi moja ya baridi kikombe cha chai kilimponyoka. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, mdomo ukaenda upande. Daktari alisema ni kiharusi. Mguu ungerudi polepole, alisema, lakini kuhusu ulimi hakuahidi kitu.

Akarudishwa nyumbani na neno moja tu, ule mwito wake wa kuwaita wapagazi: "Oye." Akitaka maji, oye. Akitaka kugeuzwa, oye. Alijua vizuri kabisa anachotaka, alikiona kichwani, lakini akikivuta kije mdomoni inatoka oye ileile. Alikipiga kitanda kwa mkono wa kushoto mpaka akalia, mtu ambaye hata msibani kwa baba yake hakutoa chozi.

Kaneez hakubadili chochote. Aliendelea kusema naye kama zamani. "*Zara* ungeinua kichwa, niuweke mto." "*Zara* ungefungua mdomo, supu inapoa." Akingoja jibu kidogo, kisha anaendelea na kazi.

Majira ya joto yalipokaribia, siku moja Kaneez alikuwa amempa mgongo, anakunja nguo, aliposikia nyuma yake:

"*Zara* maji, ungenipa, kama si taabu."

Aligeuka kuona mgeni gani kaingia. Hakukuwa na mtu. Fazal Din mwenyewe alikuwa amekodoa macho, kama mtu aliyetia mkono mfukoni mwake akatoa saa ya mwenzake.

"Baba Nasir, umesema nini?"

"Maji," akasema. "Ungenipa. Kama si taabu."

Kaneez aliyaleta kwa mikono miwili, na mengi yakamwagika njiani.

Daktari alisema hutokea, maneno ambayo mtu ameyasikia kila siku huweza kubaki hata yale aliyoyachagua mwenyewe yakipotea. Tangu hapo ulimi wa Fazal Din ulifunguka, lakini kwa Kiurdu cha mkewe, na lafudhi ya mkewe. Kipunjabi chake hakikuonekana.

Barkat, mpagazi mrefu kuliko wote pale sokoni, alikuja kumjulia hali, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Barkat sahibu," mgonjwa akasema, "*zara* ungekaa karibu yangu."

Barkat akatazama nyuma. "Mnyapara, ni mimi unayeniambia?"

"Ni wewe, kama una nafasi."

"Miaka yote mimi punda, leo nimekuwa sahibu, bwana mkubwa?" Akacheka mpaka akajishika mbavu, na Fazal Din akacheka naye, kwa nusu ya mdomo. Lakini Barkat alikaa mpaka chai ya pili. Siku ya pili alirudi na mafuta ya haradali, akaukanda ule mkono uliokufa bila kuombwa. Fazal Din alimtazama akikanda, akaona haya, na chini ya ile haya alihisi raha asiyoijua jina.

Aliyemlisha na kumwogesha pamoja na Kaneez alikuwa Shagufta, mke wa Nasir, mwanawe aliyekuwa kazini Dubai. Kabla ya ugonjwa Shagufta aliwahi kuomba ruhusa ya kusomea uuguzi. Fazal Din alimjibu kwamba nyumba hii haina mgonjwa. Sasa alimwita.

"Mwanangu, *zara* ungekaa. Kile chuo. Ukipenda, ungeenda."

Shagufta akamgeukia Kaneez. "Mama, haya ni maneno ya Baba, au ugonjwa ndio unasema? Asije akapona akanikana."

"Muulize mwenyewe. Si huyo hapo."

Fazal Din alielewa. Maneno ya adabu yalimtoka kwa wepesi mno, nani angeyaamini? Akafumba macho, akatafuta lake mwenyewe. Jasho lilimtoka, mshipa wa shingo ukasimama, na Kaneez akataka kumzuia. Ndipo likaja, kwa Kipunjabi, limevunjikavunjika.

"Nenda. Nenda, binti. Mimi... nataka."

Shagufta akajifunika mdomo kwa mtandio. "*Meherbani*, Baba," akasema, na akaondoka haraka kwenda jikoni.

Alianza masomo baada ya Idi. Kipunjabi kilirudi vipande vipande, cha kutosha kugombana na muuza maziwa, lakini Kaneez hakuitwa tena kwa *tu*. Asubuhi wazee hao wawili hukaa juani wakimenya njegere, yeye kwa mkono mmoja.

Siku moja Fazal Din aliacha kumenya, akamgeukia mkewe.

"*Meherbani*," akasema.

Neno hilo wasemao Kiurdu hulitumia wakishukuru, na hulitumia wakiomba.

"Unashukuru au unaomba?" Kaneez akauliza.

Fazal Din akafikiri. "Yote."

Kaneez akausogeza ungo wa njegere upande wa mkono mzima wa mumewe.