Simu Isiyo na pa Kutia Laini

Dada yangu mdogo aliyeolewa Marekani alimtumia Mama simu mpya. Mama akashuka nayo kutoka Werugha hadi kwangu Voi, akilalamikia mambo mawili: joto letu, na mwanawe kutapeliwa.

"Haina pa kutia laini," alisema. "Wamemuuzia iliyozibwa."

Kumbe alikuwa ameshautafuta huo mlango wa laini mwenyewe. Alichomoa pini ya kitambaa chake cha akina mama wa kanisani, akachokora kila tundu aliloliona. Mama yangu hafanyi jambo nusunusu.

"Mama, kuna simu zisizotumia kadi. Laini inaingia tu, haionekani."

"Kama Roho Mtakatifu?"

"Kama huyo. Lakini wacha kwanza tuone kama hii inakubali."

Nikabonyeza *#06#. Ikileta namba iliyoandikwa EID, ujue inakubali. Ikaleta. Mama akaikagua ile namba ndefu kwa jicho analokagulia bili ya stima. Tukaenda dukani mjini, akatoa kitambulisho, na laini yake ya miaka yote ikahamia kwenye simu mpya. Hakuamini hadi alipoona network.

Jioni dada akapiga video. Sasa, Mama akishika simu, ni yeye tu. Huanza na ng'ombe, akaja kwenye kabichi, akapitia waliokufa, akasali, akakata. Dada alikuwa amenilalamikia mara nyingi kwamba ana neno la kumwambia na hapati pa kulipenyeza.

Mama akaanza na ng'ombe.

"Mama, sikusikii," dada akasema. "Hallo?"

Ng'ombe akarudiwa kwa sauti mpaka jirani akamjua. Wapi! Ile pini ilikuwa imeua maikrofoni. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Halafu, kwa vile hakukuwa na wa kumkatiza, dada akasema: ndoa imemshinda, anataka kurudi nyumbani na mtoto, ila anaogopa Mama atamwambia avumilie.

Kicheko kikaniisha. Nikamnyoshea Mama simu yangu amjibu nayo. Akausukuma mkono wangu. Alifungua mdomo kwa mazoea, akaufunga. Akaiegemeza ile simu kwenye chupa ya chai, akanyosha mikono yote miwili na kuivuta kifuani, tena na tena, vile nilivyomwona akimwita dada alipokuwa anajifunza kutembea.