Malkia na Ile ya Kijivu

Mchonga mihuri wa mtaa ule alikuwa na chumba chembamba kati ya duka la viatu na ofisi ya wakili. Humo alikaa siku sita za juma akichonga kwa kisu kidogo maneno ambayo wengine wangeyagonga kwenye karatasi: IMEPOKELEWA, IMEHAKIKIWA, SIRI. Herufi za kazi hiyo huchongwa kinyume, na yeye alikuwa hakosei hata moja. Labda ndiyo maana alizoea kuamini kwamba neno likishatoka kwake halina rufaa. Watu walimwita Muhuri. Akisema mvua itanyesha, imeshagongwa; isiponyesha, kosa ni la mawingu.

Jumamosi alifunga saa saba mchana, akatia kitambaa cha manjano mfuko wa nyuma wa suruali, akaenda gereji.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja wenye ukuta pande tatu na sakafu nyeusi kwa oili. Ukutani palikuwa na benchi refu, yaani kiti kilichong'olewa kwenye lori bovu, na juu yake walikaa wenye pikipiki wakibishana jambo moja tu miaka nenda miaka rudi: katika zote ulizowahi kuwa nazo, ipi ilikuwa tamu kuliko zote? Wengine hubishana siasa wakagombana. Hawa hawakugombana, kwa sababu fundi mwenye gereji aliwawekea sheria tangu mwanzo: haisifiwi pikipiki ambayo bado unayo.

"Ya zamani sifu utakavyo," alisema. "Hii uliyonayo tunaweza kuiwasha hapa hapa tukaisikia."

Basi kila iliyosifiwa ilikuwa mbali na masikio ya watu. Mwoka mikate alisifu ile ya masanduku mawili iliyoibwa; mwizi alichukua pikipiki akamwachia hadithi, na mwoka mikate hadi leo hajui nani kati yao alifaidi zaidi. Mwalimu mstaafu alisifu yake ya kwanza, ambayo kiki yake ya kuwashia iliruka ikamvunja mfupa wa mguu. Kila Jumamosi alivuta suruali kuonyesha kovu, kwa sura ya mtu anayeonyesha picha ya harusi.

Lakini bingwa wa benchi alikuwa Muhuri, na pikipiki yake ilikuwa Malkia. Nyekundu, tangi lina mstari wa dhahabu, ekzosi inang'aa mtu anaweza kunyolea ndevu. Chini ya kiti, alipokuwa nayo, aliigonga muhuri kwa wino usiofutika: IMEHAKIKIWA. Alikaa nayo miaka minne, kisha akaiuza. Kwa nini aliiuza, benchi halikuuliza. Hilo si swali la kiungwana.

Hadithi yenyewe wote waliijua. Mkewe alipoanza kazi hospitali, ile iliyo juu ya mlima, wiki ya kwanza ilitakiwa cherehani ya kushonea mashuka, naye alikuwa na ya chuma aliyorithi kwa mama yake. Malkia aliwapandisha wote watatu, mume, mke na cherehani, hadi getini, bila kubadilisha gia. Hivyo ndivyo hadithi ilivyokuwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu pakaongezeka gunia la viazi. Mwaka wa saba mama mkwe alitaka kupanda juu ya tangi, fundi akakohoa, mama mkwe akashuka.

Siku hizi Muhuri alikuwa na ya kijivu. Hata jina hakuipa. Alikuwa nayo mwaka wa tisa, na akiulizwa habari zake alijibu kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu asiye na mbele wala nyuma.

"Ile haina maneno. Unaiwasha, inawaka. Unakwenda, unafika. Sasa mtu utasimulia nini?"

Kila asubuhi ilimpeleka mkewe kazini. Alikuwa mpokezi wa wagonjwa, dirisha namba moja, saa moja kamili, na mgonjwa hangoji plagi ya mtu ikauke. Kisha Muhuri aliiegesha uani nyuma ya chumba chake na hakuitupia jicho hadi jioni. Kitambaa cha manjano hakikuwahi kuigusa. Oili yake aliifikiria mara ya mwisho mwaka alioinunua, akaamua kwamba ziko mashine zisizohitaji oili mara kwa mara, kama ngamia na maji.

Jumamosi moja akaingia gerejini muuza vioo, mgeni katika mtaa, mwenye fremu ya mbao mgongoni na pikipiki nyekundu chini yake. Fundi aliinua kiti kutafuta betri, akakigeuza benchi lione.

IMEHAKIKIWA. Wino ulikuwa haujapauka hata kidogo.

"Bwana Muhuri," alisema mwoka mikate, "mkeo wa ujana amerudi."

Muhuri alisimama. Kitambaa kilikuwa mkononi kabla yeye hajajua, na akaanza kufuta tangi la mtu bila kuomba ruhusa.

"Umefaidi nayo sana?" alimuuliza muuza vioo, sauti imelegea.

Muuza vioo hakuwa mtu wa uongo. Alifikiri kidogo. "Kuwa nayo ni raha kubwa."

"Na kuiendesha?"

"Mimi nimesema kuwa nayo." Akaitazama ile ya kijivu iliyoegeshwa ukutani. "Ile ni ya nani? Mimi natafuta pikipiki isiyo na maneno. Tungebadilishana, kichwa kwa kichwa, bila nyongeza."

Benchi zima lilimgeukia Muhuri. Miaka tisa alikuwa akisema angetoa chochote arudishiwe Malkia, na sasa chochote chenyewe kilikuwa pale kimeegemea ukuta.

"Sema neno, mwenzetu," alisema mwalimu mstaafu. "Au muhuri umekauka wino?"

"Mnipe wiki," alisema Muhuri. "Nimwambie mama watoto."

Alimwambia siku hiyo hiyo, mkewe akiwa anapasi sare ya kazi. Alimwambia kwa maneno mengi na mikono yote miwili. Mkewe alipasi kola, akageuza, akapasi upande wa pili.

"Malkia yule yule wa kunishusha?"

"Kukushusha wapi?"

"Mlimani, baba watoto. Nguzo ya umeme ya tatu. Kila asubuhi."

"Ulishuka mara moja tu."

"Miaka minne."

Muhuri alikaa. "Na siku ya cherehani? Tulipanda, au hatukupanda?"

"Tulipanda. Nani kasema hatukupanda? Wewe uliisukuma Malkia, mimi nikabeba cherehani kichwani. Tulipokaribia geti ukaiwasha, ukaniambia nipande, ili mlinzi atuone tukifika."

Muhuri aliitafuta siku hiyo kichwani asiipate. Aliyoipata ni ile nyingine, ya benchi, safi, imeng'arishwa kwa kitambaa. Tuseme kweli: hakuwa akidanganya. Mwongo hujua anachokificha, lakini Muhuri alikuwa ameusimulia ukweli hadi ukahama nyumba.

"Mbona hukuwahi kusema?" aliuliza.

"Ningesema, ungesimulia nini Jumamosi?"

Akatundika sare ukutani. "Wakubwa walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi si mkubwa wako. Ukitaka kubadilisha, badilisha. Lakini ipande mlima kwanza. Wewe, mimi na cherehani, wenzako wakiona, kama ulivyowasimulia. Gunia la viazi nakusamehe."

Hivyo ndivyo mambo yalivyowekwa mezani. Malkia akifika geti la hospitali, ya kijivu inakwenda kwa muuza vioo, na Jumatatu mama watoto atajua mwenyewe namna ya kufika dirisha namba moja. Malkia asipofika, miaka tisa ya hadithi inaporomoka mbele ya benchi. Muhuri hakuona shida yoyote. Wiki ile aliipangusa ya kijivu kwa mara ya kwanza, jinsi mtu anavyoosha mbuzi wa kuuza.

Jumamosi benchi zima lilihamia chini ya mlima. Muuza vioo alimkabidhi Muhuri ufunguo kwa haraka kidogo kuliko adabu inavyotaka. Ya kijivu iliegeshwa pembeni, tayari kwa bwana mpya. Malkia aliwaka kwa kiki ya tano, na ekzosi ikatoa ule mngurumo ambao kila mmoja alikuwa ameusikia kwa maneno tu. Mwalimu mstaafu alivua kofia.

Mke wa Muhuri alikaa nyuma upandeupande, cherehani ya chuma mapajani.

"Shemeji, uko sawa?" aliuliza mwoka mikate.

"Niko sawa, shemeji. Huu mlima tunafahamiana."

Wakaanza kupanda, benchi likifuata kwa miguu. Nguzo ya kwanza ilipita vizuri. Nguzo ya pili ilipita, ila waliokuwa nyuma wakaona kwamba hawahitaji tena kukaza mwendo. Mwendo wa Malkia ukawa mwendo wa maiti kwenda makaburini, na mngurumo ukaingia kikohozi. Muhuri alikuwa ameinama mbele, shingo imevimba, akiongea bila kugeuka.

"Unaona?" alisema. "Unasikia inavyovuta? Unaona?"

Hatua chache kabla ya nguzo ya tatu, injini ikiwa bado hai, mkewe aliteleza taratibu akashuka. Hakuyumba. Aliinua cherehani, akaiweka kichwani, akaendelea kutembea kando ya barabara kama mtu aliyetoka sokoni.

Malkia, kwa kupunguziwa mzigo, alisogea hatua sita zaidi.

"Unaona?" Muhuri alikiambia kiti kitupu. "Nilisema mimi."

Kisha injini ikazima.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mwoka mikate ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa nia njema kabisa:

"Shemeji, mbona umeshuka kabla haijazima?"

Mwanamke aliitazama miguu yake, kisha nguzo, naye akashangaa kweli. "Aa," alisema. "Mazoea."

Njia ya mwongo ni fupi, hata ya asiyejua kwamba anadanganya, na hii iliishia nguzo ya tatu. Hotuba ndefu isingeweza kumfanyia Muhuri lililofanywa na neno lile moja. Alianza habari ya mafuta machafu, akaingia habari ya kabureta, akafika habari ya vumbi la msimu huu, na wenzake wakamsaidia kusukuma kwa heshima, wakitazama matairi ili wasimtazame usoni.

Mkewe alikuwa amekwisha kugeuka, anashuka. Chini ya mlima aliifunga cherehani kwa mpira nyuma ya ile ya kijivu, akatoa mkobani ufunguo wa pili, akapanda mbele. Iliwaka mara moja. Ikawapita wote bila haraka na bila kelele, ikavuka nguzo ya tatu, ya nne, ya tano. Juu kabisa mlinzi akafungua geti, mwanamke akageuka mbele yake kama mtu aliyesahau kitu, akateremka mlima tena na cherehani yake.

"Ameanza lini kuendesha?" aliuliza Muhuri.

Fundi aliyekuwa akisukuma kwa bega hakusita. "Siku nyingi. Kila mwezi huniletea nibadilishe oili. Alhamisi, akitoka mapema."

"Nani?"

"Mwenye pikipiki."

Muhuri alipiga hesabu ya Alhamisi hizo zote. Pikipiki ilikuwa ikitoka uani nyuma ya mgongo wake na kurudi, na yeye pale mezani anachonga IMEHAKIKIWA.

Muuza vioo alidai ufunguo wake kwa huzuni. Kabla ya kuondoka aliwauliza wengine kama kuna mwingine kati yao mwenye kumbukumbu nzuri ya Malkia, wabadilishane.

Jumatatu asubuhi Muhuri alitoka na ufunguo mkononi akamkuta mkewe ameshakaa mbele.

"Panda, tutachelewa," alisema mkewe. Akamshusha kwenye chumba cha mihuri, akaendelea na safari, na tangu siku hiyo ya kijivu ikawa inashinda hospitali.

Wengi walidhani Muhuri hataonekana tena gerejini. Jumamosi alikuja kwa miguu, kitambaa mfukoni, akakaa mahali pake. Mwalimu alivuta suruali, akaonyesha kovu, hakuna aliyelitazama.

"Jamani," alisema Muhuri mwishowe, "ile ya kijivu."

"Sheria," alisema fundi.

"Sheria naijua. Imetoka mkononi mwangu."

Fundi alifuta mikono, akafikiri, akakubali kwamba kisheria ni kweli.

"Pikipiki ile," Muhuri alianza, na sauti yake ya zamani ikamrudia kana kwamba haikuwahi kuumwa, "ilikuwa unaiwasha, inawaka. Sijaona tena. Mlima ule wa hospitali iliupanda na cherehani ya chuma nyuma. Na gunia la viazi."

"Viazi hatukuviona," alisema mwoka mikate.

Honi ililia barabarani. Mama watoto alikuwa amekuja kumchukua, mguu mmoja chini, hakuzima injini. Muhuri aliinuka. Alitoa kitambaa cha manjano, akafuta kiti cha nyuma, akakaa, mikono haijui ishike wapi.

"Salamu, shemeji zangu," alisema mwanamke, wakaondoka.

Benchi lilitega sikio hadi mwisho wa barabara, likingoja angalau kikohozi kimoja. Hakikuja.

"Kweli haina maneno," alisema fundi, akarudi kwenye kazi yake.