Mbao Nyekundu na Kanzu Nyeupe

Mume wangu alipoacha karakana ya kaka yake na kuanza kazi peke yake, chini ya bati letu karibu na reli ya Kindu, agizo lake la kwanza kubwa lilikuwa mabenchi manne ya arusi. Mteja alikuwa jirani yetu, mstaafu wa reli, aliyekuwa akimwoza binti yake. Mtaa mzima ungekaa pale. Yakipendeza, tungepata kazi. Yakileta aibu, mume wangu angerudi kwa kaka yake.

Mafundi wetu walichagua mti kulingana na kazi. Mvule ulikuwa wa milango, maana mvua haiuwezi. Mbao nyeupe nyepesi zilitumika kutengenezea kabati na vitanda vya bei ndogo, na baada ya muda ungesikia wadudu wakizitafuna. Uliopendwa kuliko yote ulikuwa nkula, mti mwekundu kutoka misitu ya upande wa Punia, ambao wazee walisaga unga wake wakajipaka mwilini siku za ngoma.

"Mimi nataka nkula," mstaafu alisema. "Nyeupe iko ya masikini."

"Baba, nkula bila vernisi inatoa rangi. Na vernisi haiko mujini."

"Sitwaye," akamwambia, yaani raia, kama tulivyotakiwa kuitana siku zile za Zaire, "wewe ni fundi ao unaogopa mbao?"

Kweli vernisi, ile ya kupaka mbao zing'ae na kuziba rangi yake, haikuwapo. Kuna siku madukani hata sabuni ilikosekana. Mume wangu alipiga msasa, akafuta vumbi, akasugua nta ya nyuki, akafuta tena. Kila mara kitambaa kilitoka chekundu.

Asubuhi ya arusi alivaa kanzu yake nyeupe, akaketi kwenye benchi moja, akajisogeza huku na huku, kisha akasimama.

"Nitazame nyuma."

Milia myekundu ilikuwa imejipanga kwa kufuata mbao.

"Unafanana na samaki wa kuchoma," nilimwambia.

Hakucheka. "Wanaume wote wa musikiti watakuja na kanzu," alisema.

Tulikuwa na mbao nyeupe kavu, alizoziweka kwa ajili ya kabati letu. Aling'oa mbao za kukalia, akapigilia zile nyeupe, mimi nikishika ncha. Miguu na fremu zikabaki nyekundu. Tulimaliza jasho likitutoka, tukayabeba mabenchi hadi kwa mstaafu.

Mstaafu aliyazunguka. "Hii njo nini? Umeishiwa na muti?"

"Keti kwanza, baba. Halafu simama."

Aliketi na kanzu yake ya sherehe, akasimama, akamgeuzia mgongo mke wake aliyekuwa akichagua mchele.

"Mama, tazama huku kama iko safi."

"Miaka yote nakutazama huko, leo njo unauliza?" mke wake akasema. Akatazama hata hivyo. "Iko safi."

Alasiri nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu. Wao walimtazama bibi arusi. Mimi nilitazama migongo ya wanaume walipoinuka kwenda kuswali. Ilikuwa nyeupe yote.

Waliporudi kula, mstaafu aliwaonyesha wageni benchi, mkono juu ya mbao, akiwaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyofikiria kuchanganya rangi mbili, na kwamba anayetaka kama hayo amuulize fundi wake. Mume wangu alikuwa ameketi karibu, akisikia kila neno. Alijiongezea wali.