Gauni la Pasaka la Yaya Mwadi

Sisi tuliokulia Kamina kabla ya simu kuingia kila mfuko tulicheza mpaka miguu ikawa nyekundu kwa vumbi, na bukari, ugali wetu, ikapoa ikitungoja. Makaa ya jikoni yalikuwa yakipotea, na sote tulijua mwizi: dada yangu mkubwa, yaya Mwadi. Alichora kwenye kuta za majirani vichwa vyenye meno mengi, mataji, na maneno aliyoyaandika kisha akayakata kwa mistari. Baba, mwalimu wa misheni, alipita nyuma yake na ndoo ya chokaa, akinung'unika.

Pasaka moja mama alitushonea magauni meupe. Nyumba nzima ilinukia sabuni na pasi ya makaa. Jumamosi alipokwenda sokoni kutafuta samaki wa Bukama, Mwadi alilitandaza lake mezani, akashika kalamu ya biki na kipande cha mkaa. Mama aliporudi, gauni lilikuwa limejaa nyuso toka kola mpaka pindo. Alikaa chini, gauni mapajani. Baba ndiye aliyesema: "Utaivala vile iko. Kanisa njo itakufundisha kuona haya."

Kanisani shingo zilipinda. Mimi nilitoka jasho kwa niaba yake. Lakini mama mmoja mnene wa kwaya alijiona amechorwa mgongoni mwa Mwadi, mdomo wazi, akiimba. Akacheka hadi wimbo ukamponyoka. Baada ya ibada wasichana walimzunguka yaya, kila mmoja akitaka achorewe gauni lake. Sijawahi kumwona amesimama wima namna ile.

Hilo ndilo lililomtisha mama. Jumatatu alilichemsha gauni kwenye sufuria kubwa. Mwadi alichuchumaa pembeni, akitazama maji yakigeuka meusi. Hakupigwa. Hakulia. Hakuchora tena.

Juzijuzi binti yangu alishuka treni ya Lubumbashi amevaa suruali iliyopasuka magotini (zamani tundu lilishonwa, siku hizi linanunuliwa) na fulana yenye vichwa vya meno, mataji, maneno yaliyokatwa. Akanieleza, kwa subira ya vijana wanapotufundisha, kwamba ni kazi ya mchoraji mashuhuri wa ng'ambo, aliyeanzia kwenye kuta za mitaani, na sasa dunia nzima inamvaa. Tangu hapo situlii. Naanza kupika, naacha. Nakaa, nasimama. Mwishowe nikaiomba fulana, nikampelekea Mwadi sokoni, kwenye meza yake ya samaki, nikamsimulia habari za mchoraji huyo.

Alifuta mikono kwenye kitenge, akapitisha kidole juu ya kila uso. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Uyu alikuwaka na mama?"

Nikamjibu kwamba lazima alikuwa naye.

"Basi mama yake hakufulaka nguo zake."

Aliivaa palepale juu ya blauzi, akaendelea kuuza. Siku hizi watoto wetu wanavaa michoro ya mtu wasiyemjua, na hakuna mzazi anayeshtuka. Sisi mchoraji tulikuwa naye nyumbani, tukila naye sahani moja. Binti yangu anaulizia fulana yake kila asubuhi, nami nazunguka uani nikijifanya kuitafuta kwenye kamba ya nguo.