Injini Mpya, Mabawa Yale Yale

Kama kuna jambo lililonichosha mwaka ule, ni swali moja: "Si mmeweka injini kubwa?" Waliniuliza Mbulu, wakaniuliza Dongobesh, na siku niliyokwenda Nangwa kumsalimia mama, yeye naye aliniuliza huku akiburuta kiroba cha mahindi cha kumpelekea shangazi. Nikamweleza kwamba injini ya ndege imeongezeka nguvu lakini mabawa ni yale yale, na mzigo unabebwa na mabawa. Alinisikiliza kwa upole wote, kisha akataka kujua kiroba akiweke mbele au nyuma.

Ndege yenyewe ina umri mkubwa kuliko wangu. Ni mali ya hospitali, nami ndiye rubani wake. Injini yake ya zamani haikuwa mbovu, ila haikuumbiwa nchi yetu. Asubuhi na mapema ilitoka Yaeda Chini, kule bondeni, bila shida. Mchana, bonde likishachemka na hewa kuwa nyepesi, ilikimbia uwanja mzima bila kuinuka, na hata ingeinuka isingeweza kupanda milima ya kurudi Mbulu.

Mwaka uliotangulia, binti wa mlinzi wa uwanja wetu, aliyekuwa ameolewa kule bondeni, alishikwa na uchungu na mtoto akakwama. Nilifika saa saba mchana. Nilijaribu kuruka naye, nikashindwa, tukamlaza chini ya bawa kusubiri jua lipungue. Alifariki kabla halijapungua. Hiyo ndiyo sababu hospitali ilitafuta injini nyingine, na hiyo ndiyo sababu maswali ya viroba yalikuwa yananipandisha hasira.

Injini ilikuja kutoka Arusha juu ya Fuso, imelazwa kwenye magodoro, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Haikukaa kwenye fremu ya zamani, ikabidi ichomelewe nyingine. Ilipokaa, bamba la kuifunika likakataa kufunga. Bamba lilipofunga, propela iliyoletwa haikuwa yake. Kila nilipomuuliza fundi, alinijibu kwamba haraka haraka haina baraka, na kwa kweli yeye haraka hakuwa nayo kabisa.

Mwisho wa yote ikaonekana kwamba injini mpya ni nzito kuliko ile ya zamani na pua ya ndege inaelemea. Betri ikahamishiwa mkiani. Haikutosha. Mkaguzi wa ndege akaagiza kwamba kila ninaporuka peke yangu niweke nyuma mfuko wa turubai wenye mchanga uliopimwa kwa mizani. Nikipakia mgonjwa na muuguzi, mfuko nitauteremsha, maana wao wenyewe watakuwa uzito wa nyuma. Kwa hiyo baada ya mateso yote yale tulipata ndege yenye nguvu zaidi, inayobeba watu pungufu, pamoja na mchanga.

Mlinzi hakuupenda ule mchanga tangu siku ya kwanza. Ni mzee wa Masakta, mkulima, mtu wa kanisani, na hajawahi kumwacha mgeni aondoke kwake mikono mitupu. Asubuhi moja alinifuata.

"Mwanangu, kule bondeni mwaka huu hawajavuna kitu."

"Najua, mzee."

"Na sisi tunawapelekea mchanga."

"Mchanga si wa kuwapelekea. Ni wa kusawazisha ndege."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ningepaswa kujua kwamba kichwa kile kilikuwa na mpango wake.

Wiki iliyofuata muuguzi wa Yaeda Chini alipiga simu karibu na adhuhuri: mama mjamzito, mtoto amekaa vibaya, njia ya gari imekatwa na maji. Nilizunguka ndege mbio mbio, nikaona mfuko uko mahali pake, umejaa, umefungwa, nikaondoka. Nilipoongeza moto wa injini, pua ilikataa kuinuka. Nilivuta usukani mpaka tumboni, na mashamba ya vitunguu saumu ya mwisho wa uwanja yakaanza kuonekana kwa ukaribu nisioupenda. Tuliruka, lakini njia nzima nilikuwa nimening'inia kwenye usukani, nikimlaani fundi, nikimlaani mkaguzi, nikiilaani injini na Fuso iliyoileta. Niliogopa, sifichi. Kutua ndiko kulikuwa kubaya zaidi: gurudumu la mbele lilipiga chini kwa kishindo, na propela ikanusurika kwa kiasi cha kiganja.

Nikafungua nyuma, nikafungua mfuko. Maharage. Maharage mekundu, yamepepetwa, yamechaguliwa, hayana hata jiwe moja.

"Mzee alinipigia akasema anatuletea," muuguzi alisema, akicheka kwa furaha. "Mungu ambariki." Kabla sijajibu, wanawake walikuwa wamekwisha kuyagawa na kunirudishia turubai.

Nikageuka, nikamkuta mama mkwe wa mgonjwa amesimama mlangoni na kibuyu cha asali, mbuzi wake amefungwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na mimi naenda. Si mmeweka injini kubwa?"

Nilimweleza mambo ya mabawa. Nilimweleza kwamba ukifunga maksai wengi kwenye mkokoteni mbovu, mkokoteni haujawa mpya. Aliniuliza kama mbuzi angekuwa mdogo ingekuwaje. Mwishowe mgonjwa mwenyewe, akiwa kwenye machela, alimwomba abaki, akabaki, lakini alininyima mkono wa kwaheri.

Jua lilikuwa utosini. Niliitia injini moto wote, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kutua katika uwanja ule, ndege iliinuka mchana kweupe ikiwa na mtu amelala nyuma na muuguzi kando yake. Ikapanda milima bila kusitasita. Sikufurahi ipasavyo, kwa kuwa nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mlinzi.

Kule Mbulu gari la hospitali lilikuwa linasubiri, likamchukua mjamzito yule akiwa hai. Mlinzi alibaki amesimama karibu na bawa.

"Shikamoo, mzee," nikasema. Ndipo nilipogundua tatizo la heshima zetu: ukishamwamkia mtu, huwezi tena kuanza kwa kufoka.

"Marahaba, mwanangu. Maharage yamefika?"

"Mzee, nusura uniue."

"Kwa lipi? Mfuko ni ule ule. Nilipima debe la mchanga, nikapima debe la maharage. Debe kwa debe."

"Debe la maharage ni jepesi. Mchanga ni mzito."

Alifikiri. Maisha yake yote amepima shamba zima kwa debe, na debe halijawahi kumdanganya. "Kweli," akasema. "Hilo sikuliwaza. Nisamehe." Kisha akatazama kule lilikoelekea gari la hospitali. "Mliondoka kule saa ngapi?"

"Saa saba."

"Saa saba ya mchana."

"Ndiyo, mzee."

Alivua kofia, akaishika kifuani.

"Basi kwa injini hii binti yangu angewahi."

Yale maneno yote niliyoyapanga nikiwa juu ya milima yaliniishia. Nilimwambia ndiyo, angewahi. Akavaa kofia, akalichukua turubai tupu mkononi mwangu, akaenda kuchota mchanga, nami nikamfuata na mizani.