Viti vya Kamati

Cheche hakuwa mtu wa kukaa. Tangu utotoni mama yake alikuwa akimuuliza, "Hivi wewe umekalia upupu?" Alipokua akajifunza kuchomelea mageti na madirisha, kazi ya kuinama, kuzunguka na kupanda ngazi, na kwa mara ya kwanza watu wakaiona pilikapilika yake kuwa faida.

Vijana walipotakiwa kupeleka mjumbe kwenye kamati ya mtaa, walimpeleka yeye na neno moja tu: chumba. Nyuma ya ofisi ya mtaa kulikuwa na chumba kikubwa kilichojaa viti vibovu. Vijana walikitaka kiwe karakana ya kujifunzia ufundi. Muuza saruji alikitaka kiwe stoo yake.

Kamati ilikuwa na mazoea yake. Viti vizima havikuwatosha wajumbe, na mdogo kuliko wote ndiye aliyetumwa kwa jirani kuazima.

"Mwanangu," Mwenyekiti alimwambia siku ya kwanza, "wewe mwepesi wa miguu, hebu tuletee viti."

Cheche alitoka mbio, tena kwa furaha, maana kukaa kulishaanza kumwasha. Aliporudi na viti kichwani, suala la taa za uchochoroni lilikuwa limeshapigiwa kura na kutupwa.

"Mbona hamkuningoja?"

"Asiyekuwepo na lake halipo," Mwenyekiti akasema. Wajumbe wakacheka. Cheche naye akacheka, kisha akatambua kwamba wanamcheka yeye.

Kikao kilichofuata alitumwa tena. Kabla hajatoka alisikia kwamba suala la chumba litaamuliwa kikao kijacho.

Nyumbani alizunguka ua mpaka kuku wakamkimbia. "Wamekupa ujumbe au uhamali?" mama yake akauliza.

"Nitakataaje, mama? Mtu mzima, ananiita mwanangu."

"Usikatae. Mnyime sababu."

Kesho yake Cheche alikwenda kuomba ufunguo wa chumba, akatengeneze viti. Mwenyekiti alimpa kwa mkono wake mwenyewe. "Ndiyo maana tunapenda vijana!" Cheche akachomelea miguu iliyokatika, akanyoosha migongo iliyopinda, akavipanga ukumbini na chumba akakifagia.

Siku ya kikao kila mjumbe alikuwa na kiti. Mwenyekiti alitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza miwani.

"Mwanangu, maji ya kunywa..."

"Jagi liko nyuma yako, baba."

"Basi kamwite muuza saruji."

"Yuko mlangoni. Tumekuja pamoja."

Mjumbe mmoja, mshonaji, mama mnene aliyeketi ubavuni mwa Cheche, alificha kicheko kwenye kitambaa chake.

"Vizuri," Mwenyekiti akasema, sauti ikapata nguvu. "Tena kijana wetu ameshakisafisha chumba. Mwenye saruji anaweza kuhamia hata leo."

Kumbe Cheche alikuwa amemfagilia mwingine njia! Mguu ulianza kumcheza; alitamani kuinuka, atoke, azunguke jengo zima kwanza ndipo ajibu. Alishika kiti chake kwa mikono miwili, vidole vikagusa chini kovu la chuma alichokiunga mwenyewe.

"Nimekisafisha ili vijana wajifunze kazi hii," alisema. "Tupige kura."

Wanaotaka stoo walinyoosha mikono: Mwenyekiti na wawili waliozoea kumtazama yeye kwanza. Wanaotaka karakana, Cheche akanyoosha wake. Ukabaki peke yake hewani, mrefu. Kisha mshonaji akanyoosha wake.

"Siku zote nangoja mtu wa kuanza," akanong'ona, "na wewe kila mara uko nje."

Baada yake mikono mingine miwili ikainuka. Karakana ikapita.

Muuza saruji aliondoka bila kuaga. Mwenyekiti alikunja karatasi zake. "Haya mwanangu, umeshinda. Nenda kapumzike, najua kukaa kunakutesa."

"Kunanitesa kweli, baba," Cheche akasema, mguu ukiendelea kucheza chini ya meza. "Lakini bado kuna lile suala la taa."